Uchovu wa kiongozi mkimya

Mtu mkimya, kwa maana ya wanasaikolojia, ni yule anayetosheka na msisimko mdogo kutoka nje: maongezi machache, kelele kidogo, jambo moja kwa wakati mmoja. Mwenzake mchangamfu huutafuta msisimko huo na hudoda akiukosa. Mgawanyo huu ulienezwa na Carl Jung katika kitabu chake cha mwaka 1921, ingawa vipimo vya baadaye vimeonyesha kwamba watu wengi wako katikati, na wachache tu wako kwenye ncha. Ukimya si haya. Mwenye haya huogopa watu watamwonaje. Mkimya anaweza kusimama mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, akasoma mapato na matumizi bila sauti kutetemeka, kisha akatamani kurudi nyumbani peke yake kwa miguu huku wenzake wakibaki kupiga soga.

Hans Eysenck, mwanasaikolojia aliyefanya kazi London, alipendekeza mwaka 1967 kwamba tofauti hiyo iko kwenye ubongo wenyewe. Kwa maelezo yake, ubongo wa mkimya huwa macho zaidi hata akiwa ametulia, kwa hiyo hufika haraka pale ambapo kelele na watu huanza kumzidi. Alipowadondoshea watu maji ya limau kwenye ulimi, wakimya walitoa mate mengi kuliko wachangamfu. Nadharia yake imerekebishwa sana tangu hapo, na siku hizi watafiti huzungumzia zaidi namna ubongo wa mchangamfu unavyoitikia zawadi na sifa. Hata hivyo jaribio moja la Russell Geen, la mwaka 1984, bado linafaa kukumbukwa na yeyote anayepanga ofisi. Washiriki waliruhusiwa kuchagua kiwango cha kelele watakachofanyia kazi. Wachangamfu walichagua desibeli zipatazo 72, wakimya karibu 55, na kila kundi lilifanya vizuri katika kiwango lililojichagulia. Wakimya walipowekewa kelele za wachangamfu, kazi yao ilishuka.

Kiongozi wa Mabogini hachagui desibeli. Kata hii iko kusini mwa mji wa Moshi, kwenye tambarare inayonyweshwa na maji yanayoshuka kutoka Kilimanjaro, na maisha yake yamefungwa na Skimu ya Umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Ilipangwa kunywesha hekta zipatazo 1,100 za mpunga kwa maji ya mto Rau na chemchemi ya Njoro. Wakulima wa juu walipoona faida ya mpunga, nao wakafungulia maji kwenye mashamba yao, na yanayofika chini yakapungua. Tangu hapo mgao wa maji ni zamu, na zamu ni watu. Mwenyekiti wa kamati ya mgao, mtendaji wa kijiji au mwalimu mkuu wa shule iliyo kando ya mfereji huanza kuhukumu kabla hajanywa chai. Mmoja anadai lango la jirani lilifunguliwa usiku. Mwingine analeta barua ya kuomba utambulisho. Wa tatu hana shida yoyote, amekuja kusalimia tu, na huyo ndiye anayekaa muda mrefu kuliko wote. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, na mkutano mkuu wa kijiji angalau kila miezi mitatu. Hivyo ni vikao vilivyo kwenye kalenda. Misiba, harusi na usuluhishi wa mipaka havina ratiba.

Wengi hueleza uchovu wa namna hii kwa mfano wa betri inayoisha chaji. Mfano huo unaridhisha masikio kuliko ukweli. Wazo kwamba utashi ni akiba inayopungua kila inapotumiwa lilitawala saikolojia kwa miaka mingi, kisha mwaka 2016 maabara 23 zikalijaribu kwa pamoja na kukuta athari iliyokaribia sifuri. Uchovu wa akili upo, lakini chanzo chake kinatafutwa kwingine. Watafiti wa Paris walionyesha mwaka 2022 kwamba baada ya saa zaidi ya sita za kazi ngumu ya kufikiri, kemikali iitwayo glutamati hurundikana katika sehemu ya mbele ya ubongo inayosimamia maamuzi, na mtu huanza kuchagua njia rahisi. Mtendaji aliyeamua mashauri ya maji tangu alfajiri na anayepiga mhuri bila kusoma ifikapo saa tisa alasiri hajawa mzembe ghafla.

Utafiti unaogusa hoja hii kwa karibu zaidi ulifanyika Finland na kuchapishwa mwaka 2017. Wanafunzi wa chuo kikuu walijaza dodoso mara kadhaa kwa siku, kwa siku 12, wakieleza walivyokuwa wakitenda na walivyokuwa wakijisikia. Waliokuwa wamechangamka na kuongea walikuwa na furaha saa ileile. Saa tatu baadaye walikuwa wamechoka. La kushangaza ni kwamba hali hiyo haikuwabagua: wachangamfu nao walilipa deni lilelile. Hapa kuna maonyo mawili kwa kiongozi mkimya. La kwanza, asijidhanie mgonjwa au dhaifu, maana hata mwenzake mwenye vicheko vingi huchoka. La pili, asitumie ukimya kama kisingizio cha kukwepa vikao. Majaribio ya John Zelenski na wenzake huko Kanada yameonyesha kwamba wakimya hukadiria chini ya kiwango raha watakayoipata wakijichanganya na watu. Mara nyingi kikao kinachoogopwa tangu jana huenda vizuri, na gharama yake huja baada ya kwisha.

Kwa kuwa gharama huchelewa, mpangilio wa siku una uzito kuliko wingi wa saa za kazi. Kikao cha saa nne asubuhi kinachoisha saa sita huonekana hakikumchosha mtu, na kosa la kawaida ni kuweka usuluhishi wa mgogoro mzito saa nane, wakati deni linadaiwa. Ni afadhali saa hiyo ipewe daftari la mapato, ripoti ya halmashauri ya wilaya au ukaguzi wa stoo, na ugomvi wa mpaka uletwe asubuhi ya siku nyingine. Kurukaruka nako kunaongeza mzigo. Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu anayeacha jambo kabla halijafungwa hubaki na sehemu ya akili huko alikotoka. Kwa hiyo dakika mbili za kuandika uamuzi na hatua inayofuata, kabla mwingine hajaitwa kutoka kwenye benchi, hazipotei bure.

Pumziko lenyewe ni gumu kulipata vijijini kuliko mjini. Brian Little, mwanasaikolojia wa Kanada ambaye ni mkimya na alikuwa mhadhiri mwenye kuchangamsha ukumbi, alizoea kujifungia msalani baada ya mihadhara ili apumue. Mtendaji akifunga mlango wa ofisi Mabogini, jioni hiyohiyo itasemwa kwamba ana maringo au kwamba kuna fedha zinazohesabiwa. Lakini skimu ina faragha yake iliyo halali kabisa: ukaguzi wa mfereji. Anayetembea kandokando ya maji saa kumi na mbili asubuhi, akitazama malango, mahali palipobomoka na majaruba yaliyokauka, yuko kazini machoni pa kila mtu, na anayekutana naye humpa salamu fupi akaendelea na jembe lake. Saa moja ya namna hiyo humpa mkimya utulivu anaouhitaji, na akifika ofisini anajua mwenyewe ni lango lipi lilifunguliwa usiku. Salamu zisikatwe kwa vyovyote, hasa za wazee. Kinachoweza kupunguzwa ni maongezi yanayozifuata, kwa kusimama wakati wa kusalimiana au kumwalika mgeni watembee pamoja.

Je, mkimya anafaa kuongoza? Mkusanyo mkubwa wa tafiti uliofanywa na Timothy Judge na wenzake mwaka 2002 ulikuta uchangamfu ukihusiana na uongozi, ila uhusiano huo ulikuwa na nguvu zaidi katika kuonekana kiongozi kuliko katika kuongoza vizuri. Mpiga kura humwona anayesema kwanza. Adam Grant na wenzake walichunguza mwaka 2011 maduka 57 ya piza nchini Marekani. Pale wafanyakazi waliposubiri kuelekezwa, wakuu wachangamfu walileta faida kubwa zaidi kwa asilimia 16. Pale wafanyakazi walipokuwa na mawazo yao wenyewe, wakuu haohao walileta faida pungufu kwa asilimia 14, kwa kuwa hawakuyasikiliza. Wakulima wa mpunga wa Lower Moshi si watu wa kusubiri kuelekezwa. Wengi wao wamelima majaruba yaleyale kwa miongo, na wanajua maji yanapopotelea.

Uchovu unaotokana na tabia ya ukimya huondoka kwa usiku mmoja wa usingizi au siku moja ya utulivu. Usioondoka ni jambo jingine. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, lilieleza uchakavu wa kazini kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona kwamba mtu hafanikishi lolote tena. Limeuweka kama hali ya kazini, halikuuita ugonjwa. Lakini dalili kama hizo huweza pia kutokana na sonona, upungufu wa damu au malaria, ambayo haijawahi kuwa ngeni kwenye mashamba ya mpunga. Kiongozi anayeamka amechoka kwa majuma mfululizo anahitaji kupimwa damu na kuzungumza na mganga, katika zahanati iliyo karibu au hospitali ya KCMC mjini Moshi, kabla hajaanza kupanga upya ratiba ya vikao.