Feni ya Injini: Itengenezwe kwa Utaratibu



Katika ukaguzi wa vyama, vitabu vya fedha ndivyo hutazamwa kwanza. Lakini gari la chama nalo ni fedha ya wanachama. Likiharibika wakati wa msimu, mazao hubaki ghalani na chama hulazimika kukodi gari la mtu. Makala haya yanaeleza namna ya kubadilisha feni ya kupozea injini katika magari ya zamani, kama vile Land Rover Series III, zilizotengenezwa tangu 1971 hadi 1985. Katika magari hayo feni imefungwa mbele ya pampu ya maji, nayo huzungushwa na mkanda.

Kazi ya feni

Feni huvuta hewa kupitia rejeta ili maji ya injini yapoe. Gari linapokwenda kasi, upepo wa barabarani husaidia kazi hiyo. Linaposimama huku injini inaunguruma, au linapopanda mlima polepole na mzigo, feni peke yake ndiyo tegemeo. Kwa hiyo, gari likichemka mlimani na kupoa katika tambarare, shaka ya kwanza iwe juu ya feni na mkanda wake. Likichemka hata linapokwenda kasi, kwanza chunguzeni kiasi cha maji, uchafu katika rejeta, na themostati.

Chanzo kitafutwe kwanza

Kabla ya kununua feni mpya, injini ikiwa imezimwa na imepoa, fundi ashike panga la feni na kulitikisa mbele na nyuma. Likicheza, huenda beringi ya pampu ya maji imekwisha. Aangalie pia kitundu kilicho chini ya pampu. Kikitoa maji, pampu ni mbovu. Feni mpya ikifungwa juu ya pampu mbovu itayumba, na yaweza kuikata rejeta. Hapo chama kitalipia vitu vitatu badala ya kimoja.

Feni yenye ufa au panga lililopinda isichomelewe wala kunyoshwa kwa nyundo. Uzito wake hauwi sawa tena pande zote. Hutikisa pampu, na panga laweza kukatika na kumjeruhi mtu.

Utaratibu wa kazi

1. Injini iachwe ipoe kabisa. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe ikiwa moto, kwa kuwa maji yaliyo chini ya shinikizo hupita nyuzijoto 100 bila kuchemka, na hufoka mara kifuniko kinapolegezwa.

2. Waya wa betri ufunguliwe, ili mtu asije akawasha injini mikono ikiwa ndani.

3. Bolti za alteneta zilegezwe na mkanda utolewe. Kava ya feni, kama ipo, itolewe. Kipande cha boksi kiwekwe mbele ya rejeta kuilinda na spana. Nafasi ikiwa finyu mno, maji yamwagwe na rejeta itolewe.

4. Bolti za feni zifunguliwe. Feni ya zamani na mpya zilinganishwe: upana, idadi ya mapanga na matundu ya bolti.

5. Feni mpya ielekee upande uleule wa ile ya zamani. Ikifungwa kinyume huvuta hewa kidogo. Bolti zikazwe kwa kupishana, moja na ile inayoikabili.

6. Feni izungushwe kwa mkono, isiguse kitu. Kisha mkanda urudishwe na kukazwa hata ukibonyezwa katikati kwa kidole gumba ushuke kama milimita 10. Ukilegea, feni na pampu huzunguka polepole. Ukikazwa mno, huua beringi. Kama ni mpya, upimwe tena baada ya siku chache, maana hunyoosheka.

7. Rejeta ijazwe maji, vyombo vyote viondolewe, waya wa betri urudishwe, ndipo injini iwashwe. Mtu asisimame mkabala na mapanga.

Wajibu wa Katibu

Katibu aandike katika kitabu cha gari tarehe, kilomita zilizosomwa, kasoro iliyoonekana na jina la fundi. Stakabadhi ya kipuri iambatanishwe na hati ya malipo, na feni ya zamani irudishwe ofisini ionwe na Kamati. Bila hayo, chama chaweza kulipia feni ambayo haikufungwa kamwe.

Dereva naye aagizwe kusimama mara sindano ya joto inapopanda. Akiendelea na safari, silinda hedi itapinda, gasketi itaungua, na maji yatachanganyika na oili. Gharama ya kufungua injini nzima hukatwa katika jasho la mkulima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.