Samaki wa Ufukoni na Hesabu ya Makala

Wakazi wa Kigoma na Ujiji wanawajua vema samaki wa sokoni: dagaa, mgebuka na kuhe. Walakini kandokando ya Ziwa Tanganyika, katika maji ya kina kifupi, huishi samaki mdogo, jamaa wa mbali wa kuhe, ambaye sifa yake haikuvuma sokoni bali katika maabara za uchunguzi wa ubongo. Wanasayansi humwita Astatotilapia burtoni. Neno la pili linamkumbuka Richard Burton, Mwingereza aliyefika Ujiji mwaka 1858.

Sifa hiyo kwa sehemu kubwa imetokana na maandishi ya mtafiti mmoja, Mmarekani Russell Fernald, aliyefanya kazi Ujerumani na Oregon kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Stanford. Kumbukumbu ya makala zake inafaa kusomwa kwa utaratibu, kwani makala moja huzaa swali la nyingine.

Mwaka 1977 Fernald na Nancy Hirata walichapisha habari za samaki hao walivyowatazama ziwani kwenyewe. Hapakuwa na hadubini wala kemikali. Kazi ilikuwa kutazama na kuhesabu. Madume wachache humiliki eneo, huchimba shimo chini ya maji, hung'aa kwa rangi na kuwafukuza wengine. Madume waliobaki hufifia rangi, hufanana na majike, wala hawazai. Mnyonge akipata nafasi hugeuka kuwa mtawala. Mtawala akishindwa hurudi unyongeni.

Je, mabadiliko hayo huishia kwenye ngozi? Mwaka 1990 Davis na Fernald walionyesha kwamba katika ubongo wa dume mtawala, seli za neva zinazotoa kemikali ya kuiamsha tezi ya pituitari, nayo pituitari ikaziamsha korodani, ni kubwa kuliko za mnyonge. Mwaka 1993 ikathibitishwa kwamba hata kwa samaki mzima seli hizo hukua au kusinyaa kwa kufuata cheo. Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Wengi walizoea kusema kwamba ubongo huongoza tabia; hapa maisha ya kijamii yenyewe yalikuwa yakiubadili ubongo. Mwaka 2005 ilionekana kwamba dume mnyonge, mtawala akiondolewa, huanza kubadilika katika muda wa dakika chache tu, na jeni fulani huamka katika sehemu hiyohiyo ya ubongo.

Makala ya mwaka 2007 katika jarida la Nature huwafurahisha wanafunzi zaidi. Samaki mtazamaji alionyeshwa A akimshinda B, B akimshinda C, C akimshinda D, na D akimshinda E. Baadaye aliwekwa kati ya B na D, ambao hakupata kuwaona wakipigana. Alielekea kukaa karibu na D, yaani mnyonge. Alikuwa amekata shauri kwa hoja, kama afanyavyo mwanafunzi wa hesabu.

Kazi ya namna hii hupimwaje? Njia iliyoenea ni ile aliyoipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Tuseme makala tano za mtu zimetajwa na wenzake mara 40, 9, 4, 3 na 1. Zipo makala zisizopungua tatu zilizotajwa angalau mara tatu kila moja, lakini hazipo nne zilizofikia mara nne. Basi kipimo chake ni 3. Hata ile ya kwanza ikitajwa mara 400, kipimo kitabaki 3. Ni hesabu nyepesi, na ni hafifu vilevile, kwa maana haioni kwamba bila mtazamo wa ufukoni wa mwaka 1977 swali la mwaka 1990 lisingeulizwa kwa namna ile.

Tena kipimo hicho humpa kila mwandishi wa makala hesabu iyo hiyo. Mwaka 2007 Hans Hofmann, aliyepata kufanya kazi katika maabara ya Fernald, alichapisha pamoja na wenzake uchunguzi juu ya ubongo wa samaki wengine wa Tanganyika. Walionyesha kwamba ukubwa wa sehemu za ubongo unahusiana na mazingira ya samaki na jinsi wanavyoishi pamoja. Waandishi walikuwa saba. Miongoni mwao yumo Mtanzania, M. M. Igulu. Kila makala hiyo inapotajwa, jina lake nalo huhesabiwa.