Mgeni Anaposema Neno Tusilolipenda

Leo tutazungumza habari za chuo kikuu. Pengine mama aliye kambini atauliza: «Mimi ninatafuta unga, chuo kikuu kinanihusu nini?» Mama, kinakuhusu. Moto uliounguza wanafunzi na ule ulioteketeza nyumba yako ni moto mmoja: ni lile wazo kwamba anayewaza tofauti na mimi ni adui.

Tukumbuke yaliyotupata. Tarehe 4 Juni 1969, wanafunzi wa Lovanium waliandamana mjini Kinshasa, na askari wakawafyatulia risasi. Mwaka 1971 serikali ikaunganisha vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kuwa kimoja, chini ya jicho la chama kimoja, MPR. Toka hapo mgeni aliyekuja kusema mbele ya wanafunzi alikuwa wa kinywa kimoja. Wengine walinong'ona tu, na penye kunong'ona watu huanza kuogopana: nani anapeleka maneno kwa wakubwa?

Tarehe 24 Aprili 1990 Rais Mobutu alitangaza kwamba vyama vingi vitakubaliwa. Ndimi zikafunguka, lakini mioyo ilikuwa haijazoea. Huko Lubumbashi wanafunzi waliwapiga wenzao waliodhaniwa kuwa wapelelezi. Kisha, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, umeme ulikatwa na watu wenye silaha wakaingia katika mabweni. Serikali ilikubali kifo kimoja tu; wengine walitaja makumi, hata mamia. Mpaka leo hesabu hiyo inabishaniwa. Ni siku 17 tu zilizopita kati ya ahadi na damu. Uhuru wa kusema ulitangazwa, lakini hapakuwa na mahali salama pa kusemea wala desturi ya kusikilizana.

Sasa, je, kila msemaji apewe nafasi? Hapa tutofautishe. Anayesema, «Sheria ya ardhi ibadilishwe» au «Msichague chama kile», anatoa mawazo yake. Hata yakikuchoma, mjibu kwa maneno. Lakini anayesema, «Watu wa kabila lile si wenzetu, waondoke», huyo anawasha moto. Katika miaka ya 1992 na 1993, baada ya maneno ya namna hiyo ya wanasiasa, maelfu na maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Wengi walilala katika stesheni ya Likasi wakingoja treni. Katiba ya mwaka 2006 inakubali vyama vingi katika kifungu cha 6, na haki ya kutoa mawazo katika kifungu cha 23, lakini katika kuheshimu sheria. Haki hiyo si ruhusa ya kufukuza jirani.

Wewe mkubwa wa mtaa au wa kambi, nawe unapokea wageni wa siasa. Fanya hivi:

1. Ukimwalika wa upande mmoja leo, mwalike wa upande mwingine kesho, mahali palepale, kwa saa zilezile.

2. Mwongozi wa mkutano akubaliwe na pande zote, naye ataje mpaka tangu mwanzo: hakuna kutukana kabila.

3. Maulizo yachukue muda sawa na hotuba. Wamama na vijana waulize pia.

4. Silaha, pombe na pesa za kugawa zibaki nje.

5. Asiyetaka kusikiliza asilazimishwe. Anaweza kukaa kwake, au kusimama nje kwa amani, lakini asifunge mlango wala kurusha jiwe.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kumsikiliza mtu si kumfuata. Unaweza kutoka mkutanoni ukiwa bado unampinga, lakini sasa unajua anachokitaka, naye anajua ya kuwa wewe ni mtu.

Maulizo ya kuzungumzia katika kikundi: Ni nani katika kambi yetu hajapata kusema mbele ya watu? Ni maneno gani tuliyoyasikia mwezi huu yanayowasha moto? Ni nani tunayemwamini, sisi sote, kuongoza mkutano?

Mkae na amani.