Kununua laptopu ya biashara mjini: jaribu kwanza, ndio ulipe

Biashara ikikua, kitabu cha kaunta huanza kulemewa. Mauzo mengine ni ya pesa taslimu, mengine yameingia kwa till, mengine ni ya deni. Jioni unakaa na simu mkononi ukipitia SMS moja moja, na hesabu bado haikubali. Hapo ndipo wengi wa wateja wetu huanza kuuliza: laptopu nzuri ya bei nafuu inapatikana wapi, na nitajuaje sijauziwa mbuzi kwenye gunia?

Swali ni la maana kwa sababu pesa yenyewe si kidogo. Kwa mwenye duka la vipodozi Kawangware au fundi wa nguo Kangemi, shilingi 30,000 au 40,000 ni stoki ya wiki kadhaa. Ukikosea, haiumi mfuko tu, rafu nazo zinabaki tupu. Kwa hivyo tumekuandalia mwongozo huu: uanzie wapi, uangalie nini, na ulipe vipi.

Kwanza, unaihitaji kweli?

Kabla ya kupanda matatu kwenda tao, andika kwenye karatasi kazi tatu ambazo laptopu itakufanyia kila wiki. Ukikosa kuzipata tatu, ngoja kwanza.

Kuna kazi ambazo simu inazimudu. Kwa mfano, mfanyabiashara ambaye hajasajiliwa kwa VAT anaweza kutoa ankara ya eTIMS kwa kupiga *222# hata kwa simu ya mulika mwizi. Picha za bidhaa, oda za WhatsApp na malipo, hayo yote ni ya simu.

Laptopu inaanza kulipa pale unapokuwa na bidhaa nyingi za kufuatilia, wateja wa mkopo wengi, kotesheni za kuandikia ofisi na shule, au taarifa ya miamala ya kurasa kumi inayotakiwa kulinganishwa na mauzo. Pia hesabu unachotumia sasa. Ukienda saiba mara tatu kwa wiki na kila safari ikakula shilingi 100, hiyo ni karibu 15,600 kwa mwaka, bila kuhesabu saa ambazo duka lilikuwa limefungwa.

Mpya au "ex-UK"?

Laptopu mpya kabisa utazipata kwenye maduka makubwa kama ya Sarit Centre kule Westlands au The Junction kwenye Ngong Road. Uzuri wake ni waranti ya kampuni. Ubaya ni kwamba kwa bajeti ndogo, mpya ya bei ya chini mara nyingi huja na prosesa dhaifu, RAM ya 4GB na mwili wa plastiki laini.

Ndiyo maana wengi hushuka mjini, Luthuli Avenue, Moi Avenue na majengo ya karibu, kutafuta zile zinazoitwa "ex-UK". Hizi ni mashine zilizotumiwa na maofisi ya ng'ambo, yakazibadilisha, zikaletwa huku. Majina utakayoyasikia sana ni HP EliteBook, Lenovo ThinkPad na Dell Latitude. Zilitengenezwa kwa kazi ya ofisi ya kila siku, kwa hivyo kibodi na bawaba zake huwa imara, na vipuri havisumbui kupata. Kwa biashara ndogo, tunaona hili ni chaguo la busara, mradi ujue kuikagua.

Namba moja ya kuangalia: kizazi cha prosesa

Muuzaji atakwambia, "Hii ni Core i5, customer, iko sawa." Jibu lako liwe: "Ya kizazi gani?"

Hili ndilo swali linalookoa pesa nyingi zaidi, na sababu yake ni hii. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Mashine bado inawaka, lakini haipati tena marekebisho ya bure ya usalama kama zamani. Windows 11 nayo haikubali kila mashine: kwa upande wa Intel, kwa ujumla inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa hivyo ukiona laptopu safi, nyembamba, na bei imeshuka kwa namna ya kushangaza, huenda ni ya kizazi cha 5, 6 au 7. Ukiichukua, umenunua mlango ambao kufuli yake haitengenezwi tena, na wewe ndiye utakayeingia humo kusoma barua pepe za biashara na hesabu za pesa zako.

Kizazi unakisoma hivi. Fungua Settings, kisha System, kisha About. Utaona kitu kama i5-8350U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, basi ni kizazi cha 8. Kama ni i5-7300U, ni cha 7. Zikianza na 10, 11 au 12, kama i5-10210U au i5-1135G7, ni kizazi hicho hicho.

Usitegemee jina la modeli peke yake. Modeli moja inaweza kuwa ilitoka kiwandani na prosesa tofauti tofauti. Na kama ni ya AMD, mwambie muuzaji afungue PC Health Check, programu ya bure ya Microsoft inayokwambia kama mashine inafaa kwa Windows 11.

Inawezekana Windows 11 imelazimishwa kwenye mashine ya zamani. Kuiona kwenye skrini si uthibitisho. Soma namba.

RAM na diski: hapa usidanganywe na ukubwa

RAM chukua 8GB. Windows 11 inaruhusu 4GB, lakini ukifungua kurasa kadhaa za intaneti pamoja na faili ya hesabu, mashine itaanza kukwama.

Kwenye diski, kuna mtego. Utaambiwa, "Hii ni 256, lakini hii nyingine ni 500 kwa bei hiyo hiyo." Uliza kama ni SSD au HDD. HDD ni diski ya kuzunguka, ya zamani na ya polepole, na haipendi kugongwa. SSD ya 256GB itawaka haraka na kufanya kazi vizuri kuliko HDD ya 500GB, na kwa risiti, picha na hesabu za duka, 256GB inatosha sana.

Nusu saa dukani kabla ya kutoa pesa

Usione haya kukaa. Duka linaloamini mali yake halitakufukuza. Ukishafika Kangemi ndipo ugundue kibodi haiandiki herufi "a", nauli ya kurudi ni yako na siku ya biashara imeenda. Fanya haya ukiwa pale pale:

- Zima mashine, iwashe mwenyewe. Itazame kuanzia mwanzo.
- Chomoa chaja, weka video, iendelee kucheza bila stima wakati unakagua mengine. Angalia betri inashuka kwa kasi gani.
- Kagua afya ya betri. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti inayotolewa. Linganisha "Design Capacity" na "Full Charge Capacity". Kama ilizaliwa na 50,000 na sasa inashika 30,000, imebaki na asilimia 60. Hapo omba betri nyingine au punguzo.
- Fungua Notepad, bonyeza kila herufi na kila namba.
- Jaribu kamera, spika, matundu yote ya USB, na Wi-Fi kwa hotspot ya simu yako.
- Ingia Settings, System, Activation. Inafaa iandike "Active".
- Funika na kufunua skrini mara kadhaa. Bawaba inayolia au kulegea itakuletea gharama.
- Washa tena na uingie BIOS: F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell. Ikidai paswadi ambayo muuzaji hana, achana nayo.

Kipimo cha mwisho ni muhimu kwa mashine za "ex-UK". Mwambie muuzaji aifute na kuianzisha upya, kisha muiunganishe na intaneti wakati wa kuiandaa. Kama bado imesajiliwa kwa kampuni iliyoimiliki, itakuomba barua pepe ya kampuni hiyo. Muuzaji akisema, "Usijali, usiweke tu intaneti mwanzoni," ujue shida anaijua. Itakurudia siku nyingine ukiwa na kazi zako zote ndani.

Wakati wa kulipa

Hapa ndipo tunaingia sisi, na tukwambie ukweli. Mfumo wa malipo unaweza kuonyesha pesa imeenda kwa nani, saa ngapi na kiasi gani. Hauwezi kujua kama betri ni nzima. Ndiyo maana tunasisitiza: ukaguzi uje kabla ya PIN.

Lipa kwa till au paybill ya duka, si kwa namba ya mtu binafsi. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo. Kama bango la duka linasema hivi na simu inasema vingine, uliza. Jibu likiwa "tuma tu kwa hii yangu, till iko na shida", basi subiri till ipone au nenda duka jirani. Mjini maduka hayakosi.

Usitume deposit kwa mtu uliyemwona mtandaoni, hata kama picha ni nzuri na anasema kuna mteja mwingine njiani. Mkutane dukani, uijaribu, ndio ulipe.

Dai risiti yenye jina la duka, modeli, bei, muda wa waranti na ile namba iliyoandikwa S/N chini ya mashine. Hakikisha namba ya kwenye risiti na ya kwenye mashine ni moja. Waranti ya mdomo haina nguvu siku muuzaji aliyekuhudumia hayupo. Omba pia ankara ya eTIMS, kwa sababu tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama ya biashara unayotaka kuitoa kwenye hesabu ya kodi ya mapato inahitaji ankara hiyo. SMS ya malipo usiifute.

Risiti inakulinda kwa njia nyingine pia. Laptopu ya bei ya kutupa inayouzwa kando ya barabara inaweza kuwa ya wizi, na kushughulika na mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka 14. Ukiulizwa uliitoa wapi, uwe na karatasi.

Kama pesa yote haijafika

Mpango wa kulipa pole pole unavutia kwa sababu kiasi cha kila siku ni kidogo. Piga hesabu yote. Tuseme laptopu ni 32,000 taslimu, au deposit ya 10,000 na shilingi 120 kila siku kwa mwaka mmoja. Hiyo 120 mara siku 365 ni 43,800. Ongeza deposit, jumla ni 53,800. Umelipa 21,800 zaidi kwa mashine ile ile.

Sasa geuza. Ukiweka 150 kwa siku kwenye akaunti ya akiba iliyofungwa, siku 26 kwa mwezi, unapata 3,900. Ndani ya miezi minane una 31,200. Kama unaweza kusubiri, au zamu yako ya chama iko karibu, subiri. Kama kuna kazi inayokungoja ambayo laptopu italeta faida ya kuzidi hiyo 21,800, mkopo unaweza kuwa na maana. Overdrafti ya simu inayotozwa kila siku usiitumie kwa hili. Hiyo ni ya kuziba pengo la siku moja mbili.

Ikishafika dukani kwako

Usiweke programu za kudukuliwa ulizonakiliwa kwa flash. Nyingi huja na virusi. LibreOffice ni ya bure, na Google Sheets pia, zote zinatosha kwa hesabu za duka. Watoto wakitaka kucheza gemu, watengenezee akaunti yao tofauti.

PIN yako ya pesa usiiandike kwenye faili yoyote ya laptopu, na namba za uthibitisho zinazokuja kwa SMS usimpe mtu, hata akijiita mhudumu wetu. Hatutakuuliza.

Kisha ipe kazi kila jioni. Dakika 15 zinatosha kuingiza mauzo ya siku, kuyalinganisha na taarifa ya till, na kuandika nani anadaiwa. Laptopu ya 32,000 ikikaa miaka mitatu, inakugharimu chini ya shilingi 900 kwa mwezi. Ikikuonyesha deni moja la 1,500 ambalo ungelisahau, mwezi huo imeshajilipia.