Ukambani Bungeni: Swali la Ustawi na Kigezo Kisichoulizwa

Katika mabunge yaliyorithi desturi za Uingereza, swali la mbunge kwa waziri ni chombo cha uwajibikaji, yaani njia ya kumlazimisha mwenye mamlaka ya dola kueleza hadharani, kwa maneno yanayohifadhiwa katika kumbukumbu rasmi ziitwazo Hansadi, alivyotumia fedha na madaraka aliyokabidhiwa. Kenya ilikirithi chombo hicho kutoka Baraza la Kutunga Sheria la kikoloni, ambamo Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa kwa kura waliingia mwaka 1957, mmoja wao akiwa James Muimi, mwakilishi wa Wakamba. Kaunti za Kitui na Makueni, zilizoko Ukambani na zilizohesabiwa kuwa na watu 1,136,187 na 987,653 katika sensa ya 2019, zinafaa kutumiwa kupima thamani ya chombo hiki, kwa sababu katika masuala ya ustawi wa jamii watu wa eneo hili wamewahi kukaa pande zote mbili, upande wa kuuliza na upande wa kuulizwa.

Upande wa kuulizwa una historia ambayo mara nyingi husahaulika. Eliud Ngala Mwendwa wa Kitui aliongoza Wizara ya Kazi na Huduma za Jamii katika miaka ya mwanzo ya uhuru, na ni katika kipindi hicho, mwaka 1965, ilipotungwa sheria iliyounda Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii, NSSF, ambayo humkata mwajiriwa sehemu ya mshahara na kumdai mwajiri mchango wake ili mfanyakazi apate akiba ya uzeeni. Mfumo huo ulimfaa karani wa Nairobi na kibarua wa reli, lakini mkulima wa mbaazi na mtama wa Ikutha, asiye na mshahara wala mwajiri, hakuwa na mahali ndani yake. Miaka 30 baadaye, Nyiva Mwendwa, ambaye wapigakura wa Kitui Magharibi walimchagua kwa mara ya kwanza mwaka 1974, aliteuliwa Waziri wa Utamaduni na Huduma za Jamii, akawa mwanamke wa kwanza kuingia katika Baraza la Mawaziri la Kenya, na mwaka huo huo wa 1995 akauongoza ujumbe wa nchi katika mkutano wa wanawake wa Beijing. Naye Charity Ngilu, mbunge wa Kitui ya Kati, alipokabidhiwa Wizara ya Afya mwaka 2003, alipeleka Bungeni mswada wa bima ya afya kwa wote, ambao wabunge waliupitisha mwaka 2004 lakini Rais Mwai Kibaki hakuutia saini. Orodha hiyo inatosha kuonyesha kwamba kuwa na mtu wa nyumbani katika kiti cha uwaziri, jambo ambalo wanasiasa wengi wa eneo hili bado hulinadi wakati wa kampeni, hakujawahi kuwa dhamana ya kumfikia mzee wa kijijini.

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ilibadilisha umbo la mazungumzo haya. Kabla yake, waziri alikuwa mbunge, aliketi ukumbini na wenzake, akasimama kujibu akijua kwamba aliyemuuliza angeweza kesho yake kumnyima kura ya kupitisha mswada. Katiba mpya iliwatoa mawaziri Bungeni, na Kifungu cha 153 kikawataka wafike mbele ya kamati ya Bunge la Kitaifa au ya Seneti kila wanapotakiwa na kujibu swali lolote linalohusu wizara zao. Kwa karibu muongo mmoja, basi, maswali yalihamia katika vyumba vya kamati, ambavyo raia wachache huvifuatilia, hadi Desemba 2022, Rais William Ruto alipowaandikia maspika Moses Wetang'ula na Amason Kingi akipendekeza Kanuni za Kudumu zirekebishwe ili mawaziri waruhusiwe kujibu katika ukumbi mkuu. Mwaka 2023 walianza kufika. Wapo waliosema kwamba hatua hiyo ilikuwa njia ya kurejesha kwa mlango wa nyuma kile ambacho Katiba ilikitoa kwa makusudi, na hoja hiyo ina uzito kwa upande wa mgawanyo wa mamlaka, lakini kwa mwananchi wa Mutomo au Mtito Andei anayefuatilia kikao kwa redio, jibu linalotolewa ukumbini lina faida ambayo ripoti ya kamati haina.

Jambo linaloulizwa mara kwa mara na wabunge wa maeneo makavu ni Inua Jamii, jina la pamoja la mipango ya serikali ya kuwapa fedha taslimu wazee, watu wenye ulemavu mkubwa na familia zinazolea mayatima na watoto walio katika hatari. Mpango wa mayatima ndio uliotangulia, ukianza kwa majaribio mwaka 2004. Ule wa wazee ulilenga kwanza maskini wenye umri wa miaka 65 na zaidi, kisha mwaka 2018 ukapanuliwa uwe haki ya kila aliyetimiza miaka 70, awe maskini au la, ilmradi hana pensheni nyingine. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na hakijasogea kwa zaidi ya muongo mmoja, ingawa unga, sukari na nauli havikubaki vilipokuwa. Msingi wa haya yote ni Kifungu cha 43 cha Katiba, kinachoitaka dola iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujitegemea, pamoja na Kifungu cha 57, kinachowapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia na kwa dola. Fedha hizi, kwa hiyo, ni haki, japo mikutano ya hadhara huziita msaada.

Mtu asiyeijua Kitui huenda asielewe kwa nini malipo yenyewe, achilia mbali kiwango chake, huzua maswali. Kaunti hii ina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 30,000, na wakala wa benki anaweza kuwa mbali na kijiji kwa mwendo ambao mzee hauwezi kwa miguu, hivyo humlazimu kupanda bodaboda, mara nyingine pamoja na mtunzaji wake, yaani jamaa aliyeandikishwa kumpokelea fedha asipojiweza. Akifika, hutakiwa kuweka kidole kwenye mashine ya kusoma alama za vidole. Vidole vya mama aliyesuka vyondo vya mkonge na kuchimba makinga-maji tangu ujana vimesagika, na mashine hukataa kumtambua, mara ya kwanza na ya pili, mpaka foleni ianze kunung'unika nyuma yake. Nauli ya kwenda na kurudi imekwisha kutoka katika zile 2,000 ambazo bado hajazipata.

Ni dhahiri, basi, kwamba mbunge ana la kuuliza. Tatizo liko katika namna ya kuuliza. Swali la kawaida huandikwa kwa vipengele: waziri aeleze ni lini wanufaika wa eneo bunge fulani watalipwa malimbikizo yao, wazee wangapi wa eneo hilo wamesajiliwa, na kwa nini baadhi yao wameondolewa kwenye orodha. Jibu la kawaida nalo linajulikana: wizara inasubiri fedha kutoka Hazina ya Kitaifa, na usajili mpya utafanywa bajeti ikiruhusu. Mwulizaji hupata kipande cha video cha kuwapelekea wapigakura, waziri huondoka salama, na malipo yanapokuja hatimaye kila mmoja hudai ni juhudi zake. Swali la lini si baya, kwa kuwa mwenye njaa huhesabu siku, lakini halimgusi waziri mahali anapobanika, nalo haliuhusu usawa hata kidogo.

Usawa umo katika kigezo, yaani kanuni inayoamua nani aingizwe na nani aachwe. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame huziweka Kitui na Makueni miongoni mwa kaunti 23 kame na nusu kame inazozifuatilia kwa karibu. Hata hivyo, mpango wa fedha za kukinga njaa unaosimamiwa na mamlaka hiyo hiyo, uliolipa kila kaya shilingi 5,400 kila baada ya miezi miwili, ulianzia Turkana, Mandera, Wajir na Marsabit, na baadaye ukaongezewa Garissa, Isiolo, Samburu na Tana River. Hazina ya Usawazishaji, ambayo Kifungu cha 204 kiliiundia mgao wa nusu asilimia ya mapato yanayokusanywa na serikali ya kitaifa kila mwaka ili maeneo yaliyoachwa nyuma yapate maji, barabara, afya na umeme, ilianza kwa orodha ya kaunti 14, na katika orodha hiyo Kitui haikuwamo, wala Makueni. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema kwamba Turkana imepewa kupita kiasi. Kinachostahili kuhojiwa ni kipimo kilichoichukua kaunti nzima kama kitu kimoja, kwa sababu wastani wa Makueni huchanganya vilima vya Mbooni na Kilungu, vyenye mvua, kahawa na matunda, na nyanda za Kibwezi ambako misimu miwili mfululizo inaweza kupita bila mavuno, na wastani wa Kitui huweka Endau na Tseikuru katika kapu moja na mji wa Kitui. Mbunge atakayemtaka waziri aweke mezani kigezo chenyewe, takwimu zilizotumika na mwaka zilipokusanywa, atakuwa amemtetea mzee wa Nguu na pia wa Kyuso, na wa Baringo kadhalika.

Usawa wa jinsia nao una kitendawili chake. Kifungu cha 27 kinazuia jinsia moja kupita theluthi mbili ya wajumbe wa chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa, na Bunge liliposhindwa kutunga sheria ya kuitekeleza kanuni hiyo, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais Uhuru Kenyatta, Septemba 2020, alivunje. Halikuvunjwa. Wakati huo huo, wawakilishi wa wanawake wa kaunti, Irene Kasalu wa Kitui na Rose Museo wa Makueni wakiwamo, wamepewa nafasi katika ugawaji wa fedha za hazina ya serikali ya kuwainua wanawake, vijana na wenye ulemavu, iliyoundwa 2015. Kazi hiyo huwapa sifa vijijini, lakini anayegawa mizinga ya nyuki na matangi ya maji kwa fedha za wizara hawezi kumhoji kwa ukali waziri anayezitoa, na kasoro hiyo ni ya mfumo kuliko ya watu wanaoushikilia.

Makueni imewahi pia kuonyesha kwamba si kila jibu hutoka Nairobi. Mwaka 2016, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, kaunti ilianzisha bima yake ya afya ambayo kaya ililipia shilingi 500 kwa mwaka ili itibiwe katika hospitali za kaunti. Leo Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoanza kazi Oktoba 2024, humtoza mwenye mshahara asilimia 2.75 ya mapato yake na kumtaka asiye na ajira alipe angalau shilingi 300 kwa mwezi. Mbunge wa Makueni anayo hoja ambayo wenzake wengi hawana, kwa maana anaweza kumuuliza Waziri wa Afya ni kwa hesabu gani kaya iliyolipa 500 kwa mwaka sasa itakiwe kulipa 3,600 au zaidi, na nani atamlipia asiye nazo.

Bunge halikosi meno ya kufuatilia majibu hayo. Kamati zake zina uwezo wa Mahakama Kuu wa kumwita shahidi, na Kifungu cha 152 kinaruhusu hata hoja ya kumwondoa waziri, kama alivyoionja Mithika Linturi wa Kilimo mwaka 2024 kuhusu mbolea ghushi kabla kamati ya uchunguzi haijamwachilia. Kinachokosekana ni ufuatiliaji wa ahadi: waziri akisema orodha itarekebishwa katika mwaka ujao wa fedha, ni wachache wanaorudi ukumbini mwaka huo wakiwa na Hansadi mkononi.

Msomaji wa Kitui au Makueni asiyeridhika hana sababu ya kungoja. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, na sheria ya 2012 imeeleza utaratibu wake. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, hutiwa saini na waombaji, huelekezwa kwa Karani wa Bunge, na linaweza kudai kile ambacho mbunge hakukiuliza: kigezo, na tarehe ya kukipitia upya.