Je, Wajua? Namba moja tu ilitosha kukwamisha programu ya barua pepe

Julai 2011, kiini cha mfumo endeshi wa Linux kilitoka toleo la 2.6.39 kikaingia 3.0. Mwasisi wake, Linus Torvalds, alieleza kuwa kilichobadilika ni namba tu. Hata hivyo Postfix, programu ya seva ya barua pepe iliyoanzishwa na Wietse Venema, ilikataa kuundwa kwenye mfumo huo mpya.

Kwa nini? Kabla ya kuunda programu, skripti iitwayo makedefs huiuliza kompyuta jina la mfumo na toleo lake, kisha hutafuta jibu kwenye orodha yake. Orodha hiyo iliishia Linux 2. Ilipokutana na 3, skripti ilitangaza kuwa mfumo haujulikani, ikasimama papo hapo. Dawa ilikuwa kuiongezea orodha toleo jipya. Mwaka 2022, Linux 6.0 ilipotoka, kisa kilijirudia.

Tahadhari kabla ya athari: usihamishe seva ya barua za watu kwenda mfumo mpya kabla ya kuijaribu kwenye mashine ya pembeni.