Kabla ya Kununua Hita Nyingine, Pima Maji

Tangi la hita likitoboka, wengi humwambia fundi alete jingine la kimo kile kile. Inaeleweka: maji yanachuruzika darini na watu wanataka kuoga. Ila kimo hicho, mara nyingi, kilichaguliwa na mjenzi kabla nyumba haijapata watu. Mwenye nyumba anayelinakili tangi la zamani analipia makisio ya mtu mwingine, tena kila mwezi. Naona heri aanze na maji yenyewe: yanatumika lita ngapi, saa ngapi, na yanatoka wapi. Akishayajibu hayo, kifaa karibu kinajichagua.

Tuchukue nyumba ya watu wanne Nairobi, maji ya bomba yakiwa nyuzi 18 asubuhi ya baridi. Mtu anayeoga kwa shawa bila kujivuta hutumia kama lita 40 zenye nyuzi 40. Tangi likihifadhi maji kwa nyuzi 60, kila mmoja atachota humo lita 21 hivi, kwa kuwa zinazobaki ni za baridi za kuchanganyia. Wanne kwa pamoja ni lita 84, kwa hiyo tangi la lita 100 linawatosha hata wakifuatana mlangoni. La 200 ni ziada. Kuyapasha maji ya wote wanne kunahitaji takriban yuniti nne za umeme, na hesabu hiyo haibadiliki, uwe na tangi au shawa ya umeme inayopasha maji yanapopita. Tofauti iko kwenye kungoja. Tangi linalowashwa mchana kutwa hupoteza joto kupitia kuta zake, likirudia kupasha maji ambayo hakuna anayeyataka hadi jioni, na kadiri lilivyo kubwa ndivyo linavyopoteza zaidi.

Hapo ndipo shawa ya umeme inapoonewa. Watu huona imeandikwa wati 5,500 wakasema inakula stima. Inakula, lakini kwa dakika 11 hivi za kuoga, yaani yuniti moja, kisha inazimwa. Kasoro zake ni nyingine kabisa. Kwa nguvu hiyo, na maji ya nyuzi 18, haiwezi kutoa zaidi ya lita tatu na nusu kwa dakika zikiwa za moto wa kutosha. Ndiyo maana mwezi wa Julai watu hukaza bomba hadi maji yawe uzi. Halafu inadai waya mnene, swichi yake peke yake na ethi iliyo hai. Shawa nyingi za aina hii zina koili iliyo wazi ndani ya maji, na maji ya chumvi ya visima virefu hupitisha umeme kuliko ya mto. Ndiyo sababu watengenezaji huuza aina maalumu kwa maji hayo. Anayeoga maji ya kisima asikubali nyingine, hata akipunguziwa bei.

Kwa mmoja au wawili, basi, shawa inatosha. Familia inayokaribia lita 100 za maji moto kwa siku ina sababu ya kutazama paa. Kanuni za Kenya za mwaka 2012 kuhusu kupasha maji kwa jua ziliweka mpaka papo hapo, na naona zilikisia vizuri. Pingamizi linalosikika zaidi ni la Julai: Nairobi hufunikwa na mawingu wakati ule ule maji moto yanapotakiwa. Ni kweli, lakini wingu halizimi jua. Siku ambayo paneli inayafikisha maji nyuzi 35 tu, umeme unabakiwa na nyuzi 25 kati ya 42 za safari ya kwenda 60. Asilimia 40 ya kazi imekwisha bila tokeni. Koili ya akiba yenye saa, ikiwashwa alfajiri au jioni tu, inamaliza iliyobaki. Pingamizi la bei ni zito zaidi, na sitalipuuza: mpangaji anayehama mwakani hana faida yoyote kwenye paa la mwenzake. Mwenye nyumba yake anayo, mradi asiharibiwe na maji. Maji magumu yakipita moja kwa moja kwenye paneli huacha magamba yanayoziba mirija, hivyo penye kisima ni bora mfumo ambao paneli ina kimiminika chake kinachozunguka na kulipasha tangi kutoka nje.

Wapo wanaobana matumizi kwa kuteremsha thamostati hadi 45. Sishauri. Bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu, hustawi kwenye maji vuguvugu yaliyotulia na hufa yakifika 60. Afadhali tangi dogo lenye moto kamili, na vali ya kuchanganyia kabla ya bomba la bafuni ili mtoto asiungue.

Siku ya kununua, muulize muuzaji akuonyeshe mahali fimbo ya magnesiamu inapofungwa. Fimbo hiyo huliwa na kutu badala ya chuma cha tangi. Ikiisha, zamu ni ya tangi. Kwa maji makali ikaguliwe kila mwaka, na kuibadilisha ni kazi ya spana moja, ikiwa fundi hakulibana tangi darini hadi fimbo ikakosa pa kutokea.